Stika ya Subira Yavuta Heri iliyotoka vipande vipande: kisa cha kuunganisha shepu kwenye Inkscape

Kisa kiko hivi. Kuna jamaa anafanya kazi za stika hapa Dar, ana kompyuta ya kawaida tu na plota ndogo ya kisu, mashine inayokata stika kwa kufuata mistari ya mchoro, akapata oda ya kioo cha nyuma cha daladala, Coaster. Mwenye gari anataka maneno Subira Yavuta Heri, mwandiko wa kushikana herufi kwa herufi, yawe mekundu halafu yazungukwe na ukingo mweupe ili yasomeke kwa mbali, na pale neno Heri linapoishia ukae moyo mwekundu wenye mabawa meupe, moyo uwe umejificha kidogo nyuma ya herufi ya mwisho. Upana mwisho sentimita 90, zaidi ya hapo inagonga fremu ya kioo. Kijana akachora kila kitu kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, akapiga picha skrini akamrushia mzee WhatsApp, mzee akajibu safi sana mwanangu, kata.

Ikakatwa, na kilichotoka kwenye mashine hakikufanana kabisa na picha aliyoipitisha mzee. Kila mahali herufi moja inapoishika nyingine kisu kilikuwa kimepita katikati, kwa hiyo ukianza kubandua yale mabaki mikia ya herufi nayo inang'oka kama vijipande vidogo vya kucha hivi. Stika nyeupe iliyotakiwa iwe kubwa kuliko nyekundu ili ukingo utokeze ilitoka saizi ileile ya nyekundu, ukingo haupo. Moyo umetoka mzima lakini herufi i ya Heri imeliwa nusu. Mabawa pembeni yana meno meno. Na juu ya yote hayo kazi nzima imekuja na upana wa sentimita 96 badala ya 90.

Akanitafuta. "Shikamoo kaka, hii mashine itakuwa imekufa au bledi ndo imeisha?" Nikamwambia marahaba, mashine yako nzima kabisa, nitumie faili lenyewe la SVG, lile la mchoro wa Inkscape, sio picha. Alivyonitumia nikaona humo ndani karibu kila kitu kinachowasumbua watu kwenye kuunganisha shepu kipo, ndo maana nakiandika hiki kisa kwa urefu, kwa sababu nawaona vijana wengi wanatupa mita na mita za stika wakidhani tatizo ni mashine.

Kitu cha kwanza, kabla hujagusa amri yoyote ya kuunganisha, toa rangi machoni. Inkscape ina namna ya kuonyesha mchoro kwa mistari mitupu, unabonyeza Ctrl na 5 ya kwenye zile namba za pembeni ya kibodi, laptop isiyo nazo unapitia menyu ya kuonyesha. Rangi zote zinapotea inabaki mifupa. Faili la huyu kijana lilipobaki mifupa kila kitu kikawa wazi, herufi u inaingia ndani ya b, mkia wa r unapita juu ya tumbo la a, moyo una mstari wake mzima unaokatiza herufi, na ule ukingo mweupe haupo kabisa! Haupo kwa sababu alichofanya ni kuchukua nakala ya maneno, akaipa unene wa mstari wa pembeni milimita 6 rangi nyeupe, akaiweka chini ya nyekundu. Kwenye skrini unauona ukingo, lakini unene wa stroki, yaani huo mstari wa pembeni, ni rangi tu, ni maelezo yanayosema hapa paka nyeupe kwa upana huu, na kisu hakipaki, kinafuata mstari wenyewe. Mstari wa nakala nyeupe na wa nyekundu ni uleule mmoja, ndo maana stika zikatoka saizi moja.

Herufi nazo shida yake inatoka hukohuko. Fonti ya mwandiko wa kushikana haina herufi zilizoungana kweli, kila herufi ni shepu yake inayojitegemea, imechorwa tu kwa namna ambayo mkia wake unamfikia jirani na kumpanda kidogo. Mbili zikiwa na rangi moja huoni pale zinapopandana, nyekundu juu ya nyekundu ni nyekundu. Ukiprinti kwenye karatasi au fulana haikusumbui maisha yako yote. Siku ukipeleka kwenye kisu, au leza, au mashine ya kudarizi, ndo unajua kwamba hazijawahi kuungana.

Sasa kijana hakuwa mvivu, alijaribu. Aliona vipande akachagua herufi zote akabonyeza Ctrl na K, yaani kombaini, akaona programu imemwambia ana pathi moja, yaani mchoro mmoja wa mistari, akafurahi akakata tena, ikatoka vilevile. Hapa ndo nataka tukae sana maana hapa ndo wengi wanapoanguka. Kombaini haichanganyi shepu. Kombaini ni kufunga kuni kwa kamba moja, mzigo umekuwa mmoja unaubeba mara moja lakini kila kuni ipo vilevile ilivyokuwa. Ukitaka kuhakikisha fungua dirisha la XML, linaloonyesha faili kwa maandishi, Ctrl na Shift na X, uangalie ile sehemu inayoitwa d ya hiyo pathi, utakuta herufi M inajirudia rudia, kila M ni mahali ambapo kalamu imenyanyuliwa na kuanza mstari mpya, na kila z ni mahali mstari umefungwa. Pathi moja kwa jina lakini ndani yake mistari ni ileile na inakatizana vilevile. Kisu kitaifuata yote.

Anachotaka ni yunioni, Ctrl na alama ya kujumlisha. Wanaotumia CorelDRAW, programu nyingine ya kuchora, wanaiita weldi, na kwa kweli hilo jina linaeleza kazi yake vizuri zaidi. Hii inafanya hesabu, inatafuta kila sehemu mistari inapokatizana, inaweka nodi mpya, vile vidoto vinavyoshikilia mstari, hapohapo, halafu inafuta mistari yote iliyobaki ndani ya eneo lililojaa, inabaki ile ya nje tu. Kuna kilichoongezwa na kuna kilichofutwa, sio kufunga tu pamoja.

Namna ya kujua umepata kipi kati ya hivyo viwili bila kukata stika ni kuhesabu. Subira Yavuta Heri ina herufi 16. Kwenye fonti aliyotumia kuna nukta mbili za i, moja Subira moja Heri, na matundu matano, tumbo la b, matumbo ya a tatu, na kijicho cha e. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote mistari iliyofungwa ni 16 na 2 na 5, jumla 23. Ukishafanya yunioni sawasawa, kila neno linakuwa mwili mmoja, hiyo mitatu, jumlisha nukta 2, jumlisha matundu 5, unapata 10. Basi chukua nakala kwa Ctrl na D, ivunje vipande kwa Ctrl na Shift na K, angalia pale chini kabisa ya dirisha panapoandika umechagua vitu vingapi. Ikisema 23 wewe umefunga kuni. Ikisema 10 umeunganisha. Nakala yenyewe ukishahesabu unaifuta, usije ukaiacha humo.

Kwa faili hili la kwetu ilisema 13, na hilo nitalirudia.

Kabla ya hapo kuna jambo la kombaini linalowachanganya watu kwa upande mwingine, maana kuna wakati ukikombaini unaona sehemu zilizopandana zimetoboka zimekuwa wazi, na kuna wakati hazitoboki, mtu anadhani programu ina wazimu. Haina. SVG ina sheria mbili za kuamua wapi ni ndani ya shepu wapi ni nje. Ya kwanza inahesabu tu mistari, toka nje ingia mpaka hapo ulipo, ukivuka mistari ya idadi witiri upo ndani, ukivuka shufwa upo nje. Kwa sheria hii herufi mbili zikipandana pale katikati umevuka mistari miwili, shufwa, basi panahesabika nje na panatoboka. Ya pili inaangalia uelekeo, mstari unaozunguka upande huu unaongeza moja, unaozunguka upande wa pili unapunguza moja, jumla ikiwa sio sifuri upo ndani. Herufi za fonti moja kwa kawaida mistari yao ya nje yote inazunguka upande mmoja, kwa hiyo zikipandana unapata mbili, sio sifuri, panajaa. Na tundu la a linachorwa likizunguka kinyume, moja toa moja sifuri, linabaki tundu. Vitufe viwili vidogo vya kuchagua sheria vipo kwenye dirisha la rangi, Ctrl na Shift na F, upande wa kulia juu. Vibonyeze uone. Lakini ona pia kwamba kubadili sheria kunabadili rangi tu, mistari haijasogea hata nywele, kwa hiyo kwa kazi ya kisu hivyo vitufe havikusaidii kitu.

Haya, kurekebisha. Kwanza nikachukua yale maneno yakiwa bado maandishi nikayaweka nakala kwenye leya, yaani tabaka la mchoro, ya peke yake, nikaifunga na kuificha. Hii naifanya kila kazi bila kufikiria, maana maandishi yakishageuzwa kuwa pathi huwezi tena kufuta herufi na kuandika nyingine. Halafu nakala ya kazi nikaigeuza kwa Ctrl na Shift na C. Inakuja ikiwa grupu ya herufi, unaangrupu, yaani unaivunja grupu, kwa Ctrl na Shift na G mpaka chini iseme pathi 16, ndo unapiga yunioni. Ukiunganisha vitu vya rangi tofauti kinachotoka kinachukua rangi ya kile kilichokuwa chini kabisa, kwa hiyo usishtuke ukiona nyekundu yako imekuwa nyeupe, ni mpangilio wa nani yuko chini.

Ndo ikaja ile 13. Kumi tulizitegemea, tatu za ziada ni nini? Nikasogeza karibu sana pale r ya Subira inapoingia kwenye a. Kwa mbali panaonekana pameungana laini kabisa. Ukikuza unaona mkia wa r haukuingia moja kwa moja tumboni mwa a, umepita ukachomoza kidogo upande wa pili, ndani ya lile tundu la a, kwa hiyo tundu limegawanyika, tundu kubwa na kijitundu kingine cha pembe tatu chembamba kama ncha ya sindano. Kwenye Yavuta napo a zote mbili zimefanya hivyohivyo. Vijitundu vitatu. Kisu kikifika hapo kinazungusha ncha kwenye eneo ambalo ni dogo kuliko kinavyoweza, kinachana stika, na hata kisipochana utatumia nusu saa na pini kutoa kipande ambacho hakuna abiria atakayekiona.

Dawa ni nodi. Unachukua zana ya nodi kwa kubonyeza N, unabofya pathi, unavutia mraba kuzunguka zile nodi tatu za kijitundu, unazifuta kwa Delete. Kijitundu kinaondoka. Kisha nodi mbili zilizobaki kwenye ukingo wa lile tundu kubwa, pale mkia ulipokuwa umechomoza, zinakuwa za kona, mstari unavunjika ghafla, unazichagua unazigeuza kuwa laini kwa Shift na S, unavuta mikono yake, vile vijiti vidogo vinavyotokeza kwenye nodi, kidogo mpaka tumbo la a lirudi duara lake. Nilirudia kwa a zote tatu, nikavunja nakala tena, ikasema 10. Kuna watu wataona huku ni kujitesa, mimi naona hapa ndo fundi anapotofautiana na mtu anayejua kubonyeza tu, kwa sababu programu inaunganisha kile ulichoipa, kama fonti imechomoza itaunganisha na hicho kilichochomoza.

Hiyo mistari yenyewe unayoivuta kwa mikono, hizi bezia, zimepewa jina la Mfaransa Pierre Bézier aliyekuwa kampuni ya Renault, miaka ya 1960 alizitumia kuchora bodi za magari kwa kompyuta. Mimi napenda kwamba hesabu iliyoanzia kwenye bodi la gari inatufikisha leo kwenye kioo cha Coaster.

Ukingo mweupe sasa. Nikachukua nakala ya maneno mekundu yaliyokwisha kuungana, nikaipa stroki ya milimita 6 na kona za duara. Milimita 6 kwa sababu stroki inakaa juu ya mstari, nusu inaenda nje nusu ndani, kwa hiyo ukitaka ukingo wa milimita 3 uweke mara mbili yake. Halafu Ctrl na Alt na C, stroki inageuka kuwa shepu ya kweli yenye mistari yake. Matoleo ya kuanzia 1.0 ukiifanya kwenye kitu chenye rangi ndani na stroki pembeni unapewa grupu ya vitu viwili, rangi peke yake na stroki peke yake, basi angrupu, chagua vyote, yunioni.

Lakini hapo bado. Matundu ya a na e yapo kwenye hii nyeupe pia, ila yamebanwa milimita 3 kila upande na yamebaki vitone. Hayana kazi yoyote maana nyekundu itakaa juu yake, na kama nyekundu ikikaa pembeni kidogo tu yataonekana kama uchafu. Bora nyeupe iwe imejaa. Njia ya haraka ni kuivunja vipande kwa Ctrl na Shift na K kisha palepale kupiga yunioni. Ukivunja, kila tundu linageuka kuwa shepu iliyojaa inayojitegemea, na ukiunganisha linamezwa na mwili wake, unabaki na kivuli kizima kisicho na tundu hata moja. Kwa nyeupe ya chini hii ni dawa tamu. Ukiifanya kwa bahati mbaya kwenye nyekundu umeua kazi, b na a na e zote zinakuwa madonge, kwa hiyo angalia umechagua nini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisikate ukingo peke yake kama fremu, nyeupe izunguke tu bila kuingia chini ya nyekundu, si inaokoa stika? Haiokoi, kile kipande cha katikati kinatupwa hata hivyo, halafu kubandika vitu viwili vinavyokutana ukingo kwa ukingo kwenye kioo kilichopinda cha Coaster, chini ya jua la saa nane, ni kazi ya kukutoa machozi. Lazima kioo kitachungulia mahali fulani. Nyeupe iliyojaa chini, nyekundu juu, ukikosea nusu milimita hakuna anayejua. Niliongeza alama mbili ndogo za msalaba, mwanzo na mwisho wa maneno, zikatwe sehemu ileile kwenye rangi zote mbili ili wakati wa kubandika uzilinganishe, halafu unazing'oa.

Moyo. Alichotaka ni herufi i ya Heri ionekane iko mbele na moyo nyuma, ila vyote ni vyekundu na vinakatwa kwenye stika moja, kwa hiyo lazima kuwe na nafasi kati yake, la sivyo ni donge. Yeye alitumia difarensi, Ctrl na alama ya kutoa, amri sahihi kabisa, ila nakala ya moyo ndo ilikuwa juu. Difarensi haijui unapenda nini kibaki, yenyewe inafuata nani yuko juu, cha juu ndo kinakata halafu kinapotea, cha chini ndo kinabaki na jeraha. Moyo ukiwa juu ukaikata i. Dawa ni kuuchagua moyo na kubonyeza End ushuke chini kabisa, kisha difarensi.

Ila nikauliza, ukikata moyo kwa herufi zenyewe unapata nini? Moyo wenye shimo la umbo la i na i imejaa humohumo, ukingo kwa ukingo, nafasi hakuna. Kinachotakiwa kuukata moyo ni ile nyeupe, kile kivuli kipana kwa milimita 3. Nikachukua nakala ya kivuli, nakala nasisitiza, maana kikataji kinaliwa, nikakiweka juu ya moyo nikatoa. Moyo ukabaki umeumwa vizuri, milimita 3 kila upande wa herufi, na kwenye ile nafasi nyeupe ya chini inachungulia. Hapo ukiangalia i inasimama mbele kabisa. Moyo nao ukahitaji ukingo wake mweupe, nikaurudia mchezo uleule wa stroki, nikauunganisha na kivuli cha maneno kikawa kitu kimoja, ili fundi abandike kipande kimoja cheupe badala ya kuhangaika na viwili.

Mabawa yalikuwa na hadithi yake, aliyatoa kwenye picha ya simu akayageuza kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari, kwa ile zana ya kutresi inayofuata kingo za picha. Ndani ya Inkscape hiyo kazi ya nyeusi na nyeupe inafanywa na Potrace ya Peter Selinger, zana nzuri sana, ila inafuata ilichopewa, na picha ya simu yenye ukungu pembeni inapewa nodi mamia kwa mamia, kila mtetemo wa picha unakuwa kona. Kisu kinatetemeka navyo, ndo yale meno. Kuna amri ya kurahisisha, Ctrl na L, inapunguza nodi, ila ukiibonyeza harakaharaka mara kadhaa kila moja inakuwa na nguvu kuliko iliyotangulia, ukishtuka bawa limekuwa embe. Bonyeza, subiri, tazama, ndo ubonyeze tena. Mimi kwa mabawa haya niliona hata hiyo haitoshi, nikachora upya juu yake kwa kalamu ya bezia, bawa moja lina manyoya machache tu, nodi kila ncha na kila bonde, nakala yake nikaigeuza kama kwenye kioo kwa H kupata la pili. Kwa shepu ya namna hii kuchora upya ni haraka kuliko kusafisha, sijali mtu anasemaje. Wakati wa kuyaunganisha programu iligoma mwanzoni kwa sababu yalikuwa bado ndani ya grupu, ukiangrupu inakubali.

Kuna mtu ataniambia toleo la 1.3 la mwaka 2023 lina zana ya kujenga shepu, unavuta mausi juu ya vipande unavyotaka viungane na unaondoa usivyotaka, huhitaji kukumbuka nani juu nani chini. Ni kweli, na kwa moyo na mabawa ningeweza kuitumia. Kwa maneno yenye herufi 16 zinazopandana kuna vipande vingi vidogo mno vya kuvivuta kimoja kimoja, yunioni inamaliza kwa mpigo.

Ile sentimita 96 nayo haikuwa uchawi. Inkscape zamani ilikuwa inahesabu inchi moja kuwa pikseli 90, kuanzia toleo la 0.92 la mwaka 2017 ikahamia 96. Programu ya plota yake ni ya zamani, bado inasoma kwa 90, kwa hiyo kila kitu kinakua kwa 96 gawanya 90, na sentimita 90 zinakuwa 96 kamili. Programu nyingine zinasoma kwa 72, huko angepata sentimita 120 na kioo chenyewe kisingetosha. Hatukugusa mchoro, kule kwenye plota akaweka asilimia 93.75 ikarudi 90, na kila akipeleka faili sasa anaanza kwa mraba wa sentimita 10 kukata kwenye kipande kichafu aupime na rula.

Akakata upya, nyekundu ikatoka vipande sita, maneno matatu, nukta mbili na moyo, nyeupe ikatoka na mabawa yake, ikabanduliwa bila kung'oka mkia hata mmoja. Kabla hajabandika mwenye gari akapita dukani akaitazama, akasema "mwanangu imependeza sana, ila mimi nilisema Subira Huvuta Heri, sio Yavuta." Kijana akanipigia akiwa hana sauti. Nikamwambia fungua ile leya niliyoificha, maandishi yapo humo bado maandishi, badilisha neno uanze na Ctrl na Shift na C. Hesabu ya kukagua nayo inabadilika, Huvuta ina herufi 6 kama Yavuta lakini ina a moja tu, kwa hiyo matundu ni 4 na ukivunja nakala inatakiwa iseme 9. Jioni akanitumia picha ya skrini, chini imeandikwa vitu 9.